Salama bahari kuu, kuibiwa nangani: kisa cha meli moja mbele ya Tanga

Kuhusu kisa

Hiki ni kisa cha meli ya mizigo iliyokuja Tanga katika miaka hii ya karibuni, ikapita salama mbele ya Pembe ya Afrika, kisha ikavamiwa usiku ikiwa imetia nanga nje ya bandari. Jina la meli, bendera, kampuni, shehena na tarehe nimeviondoa, na hakuna mhusika anayetajwa kwa jina. Mfuatano wa saa na maamuzi umetoka kwenye kitabu cha kumbukumbu cha meli na kwenye maelezo ya waliokuwepo, tuliyoyapitia pamoja katika kikao cha tathmini. Nimewaandikia mabaharia, mawakala wa meli na vijana walio kwenye vyuo vya ubaharia. Mwenye haraka anaweza kwenda moja kwa moja kwenye uchambuzi, lakini namwomba asiruke habari za mwezi na maji, kwa kuwa ndizo roho ya kisa.

Usuli

Mwaka 2011 Ofisi ya Kimataifa ya Bahari, IMB, iliorodhesha mashambulizi 237 yaliyohusishwa na maharamia wa Kisomali. Mwaka huohuo hatari ilifika hadi kwetu, pale meli ya utafiti wa mafuta iliposhambuliwa upande wa Mafia na wanamaji wetu wakawakamata washambuliaji. Baadaye doria za manowari, walinzi wenye silaha na meli kujifunza kujikinga vilituliza bahari, hata tarehe 1 Januari 2023 vyama vya wenye meli vikalifuta lile Eneo la Hatari Kubwa kwenye ramani zao.

Mwaka haukuisha. Tarehe 14 Desemba 2023 meli ya MV Ruen ilitekwa, ikashikiliwa hadi Machi 2024 ilipokombolewa na jeshi la wanamaji la India. Tarehe 12 Machi 2024 ikatekwa MV Abdullah ya Bangladesh, ikitoka Maputo na makaa ya mawe, mabaharia 23 ndani yake; iliachiwa Aprili. Atokaye Maputo kwenda Ghuba ya Uajemi hupita nje ya pwani yetu, na ajaye Tanga kutoka Ghuba hupita njia hiyohiyo kwa kurudi.

Meli yetu ilikuwa inatoka huko. Urefu wake ni karibu mita 180. Briji, yaani chumba cha kuongozea meli, na vyumba vya mabaharia viko tezini, yaani nyuma, kwa hiyo kutoka dirisha la briji hadi omo, yaani mbele kabisa, ni zaidi ya mita 140. Mabaharia walikuwa 21, wa mataifa manne. Serahangi, mkuu wa mabaharia wa sitaha, ni mtu wa Mombasa, mzee wa bahari, na miongoni mwa mabaharia wa sitaha alikuwamo kijana mzaliwa wa Tanga. Meli ilipakia hadi alama yake ya mwisho, sitaha kuu ikabaki mita nne na kitu juu ya maji, na mwendo wake wa juu ulikuwa noti (maili za bahari kwa saa) 12 na nusu. Mwongozo wa kujikinga uitwao BMP5, wa mwaka 2018, ulieleza kwamba hadi wakati huo haikuwahi kuripotiwa meli iliyopandwa na maharamia ikienda zaidi ya noti 18. Chombo kizito, cha chini na cha mwendo huu ndicho maharamia hukitafuta.

Bahari kuu: matayarisho yaliyofanya kazi

Kabla ya kuingia eneo la hatari, nahodha alijiandikisha UKMTO, kituo cha Uingereza kinachopokea taarifa za meli katika bahari zetu, na kila siku alituma mahali alipo, mwelekeo na mwendo. Seng'enge ya wembe ilizungushwa ubavuni mwa meli yote, ikaongezwa tezini. Mipira ya maji ya kuzimia moto ilifungwa ikitazama nje, tayari kumwaga. Walinzi wenye silaha hawakukodiwa. Kampuni iliona gharama ni kubwa. Badala yake zamu iliongezwa mtu mmoja mmoja kila upande wa briji na wawili tezini, mchana na usiku. Mlango wa chumba cha usukani kule chini uliimarishwa, kikawa ndicho chumba cha kujifungia, kikatiwa maji, chakula na simu ya setilaiti.

Asubuhi moja, mashariki ya pwani ya Somalia, mlinzi wa tezini aliona jahazi, na kutoka ubavuni mwake zikachomoka boti mbili za kasi. Kupitia darubini aliona ngazi ndefu ndani ya mojawapo. Ngazi ndiyo iliyomaliza ubishi, maana mvuvi hana kazi ya ngazi katikati ya bahari. Nahodha alipiga king'ora, akaongeza mwendo hadi mwisho, akafungua maji, akatuma taarifa. Watu wote wasiokuwa wa briji wala wa mashine walishuka chumba cha kujifungia, wakahesabiwa. Usukani ukawa unapelekwa kidogo kushoto, kidogo kulia, ili bahari ichafuke ubavuni bila kuipunguza meli mwendo. Boti zilisogea hadi kiasi cha maili moja, zikaandamana na meli kwa muda, kisha zikageuka.

Kwa nini ziligeuka? Hakuna aliyewauliza. Ila mkuu wa boti akiona maji yanamwagika, waya umezunguka, meli inachezacheza na hakuna mtu sitahani, anajua kuwa ameonekana mapema na kwamba kupanda kutamgharimu. Mabaharia walifanya vizuri, na nahodha aliwaambia hivyo.

Nangani

Walifika mbele ya Tanga saa kumi jioni, maji yamejaa. Gati lilikuwa na meli nyingine. Tangu kina kilipochimbwa hadi mita 13, meli kubwa hufunga gatini moja kwa moja. Zamani zote zilibaki nje na kupakuliwa kwa matishari. Lakini kusubiri zamu nangani hakujaisha, na wakala alisema rubani wa bandari, wa kuiingiza meli, angepanda asubuhi.

Jioni ile nahodha aliamua mambo manne, na kila moja lilikuwa na sababu. Aliagiza seng'enge iondolewe omoni na ubavuni, kwa sababu asubuhi kungekuwa na ngazi ya rubani, kamba za kufungia na makuli kufungua milango ya ngama, yaani ghala za shehena. Alipunguza zamu: ofisa mmoja briji na baharia mmoja wa kuzunguka sitaha kila saa. Sheria ya kimataifa ya kazi za mabaharia inadai mapumziko yasiyopungua saa 10 katika kila saa 24 na saa 77 katika siku saba, na watu wake walikuwa wamechoka kwelikweli. Aliwasha taa zote za sitaha. Na kifuniko cha tundu la mnyororo wa nanga hakikufungwa, kwa kuwa nanga ingeng'olewa baada ya saa chache.

Magharibi, wakikunja waya, yule kijana wa Tanga alimwendea serahangi.

"Mzee, leo ni giza la mwezi. Hapa nje usiku mashua za dagaa zitajaa. Wavuvi ni watu wetu, hawana neno, lakini wapo wanaojichanganya humo."

"Nimekusikia, mwanangu," serahangi akamjibu. "Lakini hawa watu hawajalala sawasawa tangu kule juu. Tumeshafika."

Neno hilo halikupanda juu hadi kwa nahodha.

Usiku wenyewe

Kuanzia saa mbili usiku taa za wavuvi zilianza kuwaka upande wa bahari, na kufikia saa sita zilikuwa nyingi, zimetapakaa. Maji yalikuwa yanajaa, na kwa kuwa ilikuwa bamvua, siku za maji kujaa na kupwa kwa wingi, mkondo ulikuwa na nguvu. Upepo haukuwepo wa kutaja, kaskazi ilikuwa inaishia. Meli iliyotia nanga bila upepo hulala ikiuelekea mkondo, kwa hiyo omo ilitazama baharini.

Saa saba na dakika arobaini hivi, boti ya faiba isiyo na taa ilijitoa kati ya taa zile, ikazima mashine na kuacha maji yaibebe. Maji yaliileta hadi kwenye mnyororo bila kelele. Chini ya omo rada haioni, na briji haioni. Watu watatu walipanda kwa mnyororo, wakapita kwenye tundu lisilofungwa, wakavunja kufuli la stoo ya serahangi.

Saa nane kamili baharia wa zamu alifika omoni, kama alivyofika saa saba na saa sita. Wale watatu walimkabili, mapanga mikononi mwao. Walimfunga mikono na kumnyang'anya redio na viatu. Alipojaribu kupiga kelele, mmoja alimpiga kwa ubapa wa panga begani.

Briji, ofisa wa pili alitegemea kusikia sauti yake ndani ya dakika tano. Ilipofika saa nane na dakika kumi aliita mara mbili. Kimya. Akazima taa za sitaha za upande wa mbele, akawasha taa ya kumulika, ndipo akaiona boti kando ya omo na kamba inateremshwa. Alipiga king'ora na honi ya meli mfululizo. Wezi walishuka haraka, mashine ikawaka, boti ikakata kuelekea ndani, upande wa mikoko.

Nahodha alifika briji akakuta mabaharia sita wamekusanyika mlango wa sitahani na nondo na mashoka ya zimamoto, wanataka kutoka. Aliwazuia, mlango ukafungwa, watu wakahesabiwa: ishirini. Mmoja hayupo.

Alibonyeza kitufe cha siri cha tahadhari. Akapiga simu UKMTO. Akampigia wakala simu ya mkononi. Ilipokewa mara ya tatu. Ofisa wa pili alipohakikisha kuwa boti imeondoka na hakuna nyingine, nahodha alituma watu wanne pamoja, wenye tochi na redio mbili, wakipita upande mmoja wa sitaha chini ya taa ya kumulika. Walimkuta mwenzao hai, amefungwa kwenye nguzo, bega limevimba. Saa tisa kasoro robo ndipo kituo cha bandari kilipoitwa kwa redio ya VHF, chaneli 16.

Matokeo

Polisi Wanamaji walipanda melini alfajiri. Vilivyopotea ni amari mbili mpya, yaani kamba nene za meli, madumu ya rangi, redio moja na vichwa vya shaba vya mipira ya zimamoto. Amari moja ilikutwa baada ya siku chache imefichwa kwenye mikoko. Baharia aliyejeruhiwa alitibiwa mjini na kurudi kazini kwa kazi nyepesi. Hakuna aliyefikishwa mahakamani.

Meli haikuruhusiwa kukaa gatini mpaka vichwa vile vya shaba vipatikane vingine, kwa kuwa meli isiyoweza kuzima moto haipaswi kufungua ngama. Upotevu wa bei ndogo ukazaa hasara ya siku nzima ya kusubiri.

Uchambuzi: hatari mbili, tabia mbili

Haramia wa bahari kuu anataka meli na watu wake, awauze kwa fidia. Mwizi wa nangani anataka kamba, rangi na shaba, na anataka zaidi ya vyote asionekane. Kinga ya wa kwanza ni mwendo, kimo, waya na chumba cha kujifungia. Kinga ya wa pili ni macho. Akishajua kuwa ameonekana, kwa kawaida huondoka. Honi ya ofisa wa pili ilimaliza uvamizi kwa dakika chache. Kumfukuza kwa nondo gizani ni kumlazimisha atumie panga ambalo alilibeba kwa kutisha tu. Nahodha aliyewazuia wale sita alifanya uamuzi bora wa usiku ule, na sidhani kama wote sita walimshukuru papo hapo.

Kosa la meli hii halikuwa uzembe. Watu walijilinda vizuri kuliko meli nyingi, wakachoka kwa sababu hiyohiyo, na ulinzi wote ukavuliwa siku moja kana kwamba hatari ni moja na imepita. Ilitosha kuvua ule wa bahari kuu na kuvaa wa nangani: kifuniko cha tundu la mnyororo, mpira mmoja wa maji ukimwagika ndani ya tundu lile, mtu mmoja wa kukaa omoni. Kwa kutembea ratiba inayojulikana, baharia wa zamu aliwapa wezi saa nzima ya kazi kati ya duru na duru. Duru zipishane, mara dakika ishirini, mara hamsini, na zifanywe na watu wawili. Mtu wa pili angetoka wapi, na watu wamechoka? Wale wawili wa tezini, waliokuwa hawana kazi tena. Hesabu ya mapumziko tuliipiga kikaoni, ikatimia.

Taa nazo zilielekea ndani. Sitaha iling'aa, na mwenye kusimama juu yake hakuona kitu nje ya reli. Taa za ulinzi zimulike maji ubavuni, na omo isiachwe.

Mwezi na maji

Mvuvi yeyote wa Sahare au Deep Sea, hapa Tanga, angeweza kumweleza nahodha usiku ule ungekuwaje. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa hufanya kazi kwenye giza. Mbalamwezi ikipevuka, mashua hupumzika. Giza la mwezi huja pamoja na bamvua, na mbele ya Tanga bamvua hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni. Kwa hiyo usiku wa giza una mambo matatu kwa pamoja: taa nyingi za kujificha, mkondo wa nguvu unaoingia kuanzia saa nne usiku hadi alfajiri, na vijito vya mikoko vinavyojaa maji wakati ule ule wezi wanapohitaji kukimbilia. Polisi walipofika maji yalikuwa yameanza kupwa, na boti yao haikuweza kuingia walikoingia wezi.

Na mkondo ukiingia, omo hutazama baharini. Ofisa wa zamu alikuwa akitazama mji. Alidhani mwizi hutoka nchi kavu.

Hakuna siri hapa. Jedwali la maji limo melini, kalenda ya mwezi imo ndani ya simu ya kila mtu. Kilichokosekana ni njia ya maneno ya baharia wa chini kupanda juu. Serahangi alikuwa mtu mwema aliyewahurumia watu wake, na alichuja. Kikao cha ulinzi kabla ya kutia nanga kingekuwa na swali moja tu: nani hapa anayajua maji haya? Kijana angeinua mkono.

Wavuvi si maadui

Lazima niseme hili kwa uzito. Kisa kama hiki kikisimuliwa vibaya, nahodha anayefuata atamwagia maji kila mashua inayomkaribia, au atafanya baya zaidi. Tarehe 15 Februari 2012, mbele ya Kerala, wanajeshi wa Italia waliokuwa wakilinda meli ya mafuta ya Enrica Lexie waliwaua kwa risasi wavuvi wawili wa Kihindi waliodhaniwa kuwa maharamia. Mvuvi huikaribia meli kwa sababu zake: anakinga nyavu, anavuka mbele ili ajulikane yupo, au usingizi umemchukua. Meli hii yenyewe, ikishuka Mkondo wa Pemba siku ile, ilikimbiliwa na mashua, mtu amesimama anapunga shati. Kijana wa Tanga ndiye aliyesema, "Ana nyavu mbele yetu," na meli ikageuzwa kidogo.

Tofauti huonekana kwa mwenye subira. Mvuvi ana nyavu, ana taa, na mwendo wake unafuata kazi yake. Mtu wa kutilia shaka hana zana za uvuvi, ana ngazi au ndoano, amezima taa na mwelekeo wake ni meli tu. Wavuvi hao ndio pia mashahidi wazuri kuliko rada. Ile amari iliyopatikana, wao ndio walioonyesha ilipo.

Nani aitwe kwanza

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982, kifungu cha 101, unauita uharamia ule uvamizi unaofanywa nje ya mamlaka ya nchi yoyote. Ndani ya maili 12 za bahari ya nchi, tendo hilohilo ni unyang'anyi wa kutumia silaha, na mwenye kulishughulikia ni nchi husika. Kwa mwanasheria hilo ni somo refu. Kwa nahodha aliye nangani Tanga lina maana moja ya haraka: msaada uko maili chache, na unaitwa kwa chaneli 16.

Nahodha alianza mbali. Kitufe cha siri hupeleka ishara kwa kampuni na nchi ya bendera, na hakitoi sauti yoyote kwa meli za jirani. UKMTO iliipokea taarifa na kuipeleka mbele, kama kazi yake ilivyo. Nambari hizo zilibandikwa ukutani kwa wiki kadhaa, na mkono uliopata hofu hufuata ulichokizoea. Zaidi ya nusu saa ilipita kati ya honi na wito wa bandari, nayo ilitosha boti kupotea kwenye mikoko. Karatasi ya ukutani inapaswa kubadilishwa nanga inapotua, kituo cha bandari na Polisi Wanamaji wakiwa juu kabisa.

Mtu mmoja anapokosekana

Hapa kikao kiligawanyika. Chumba cha kujifungia kina kanuni ngumu: kama mmoja amebaki nje mikononi mwa maharamia, chumba hakina maana, kwa kuwa watamtumia kuwatoa wengine. Wapo waliosema nahodha angetoka mara moja kumtafuta. Mimi naona alipima sawa. Alisubiri ahakikishe wezi wameondoka, kisha akatuma watu pamoja, wanaoonekana, wenye mawasiliano. Kosa lilikuwa nyuma ya hapo, kumtuma mtu mmoja omoni usiku, mita 140 kutoka kwa jicho la karibu.

Ushahidi ulioondoka na maji

Kabla polisi hawajafika, mabaharia waliosha sitaha ya omo. Ilikuwa na tope na matone ya damu, na rubani alikuwa anakuja; kwa desturi ya meli, ndiyo heshima. Kufuli lililovunjwa likatupwa. Alama za miguu na vidole zikaisha hapo. Eneo la tukio lingefungwa kwa kamba na kupigwa picha, kufuli likahifadhiwa kwenye mfuko, na mtu akawekwa kulilinda hadi polisi wapande.

Nahodha pia alisita kutoa maelezo marefu. Aliogopa meli kuzuiliwa na zamu ya gati kupotea, hofu ambayo manahodha wengi wanayo na inayofanya matukio mengi ya nangani yasiandikwe popote. Halafu shehena ikashushwa, na meli ikaondoka na shahidi pekee aliyewaona wale watatu kwa uso. Wakala anaweza kusaidia hapa kuliko mtu mwingine yeyote: akipanda na polisi ile asubuhi ya kwanza, akiwa na mkalimani, maelezo ya baharia yakaandikwa kwa lugha anayoisema vizuri na kusainiwa wakati bega lake bado linauma, kabla kazi ya shehena haijaanza.